Kura ya Pili ya Babu

Limuru
30 Septemba 1956

Kwa Shangazi Jepkosgei, senge wangu mpendwa,

Nakusalimu sana, na baada ya salamu nakuambia kuwa mimi ni mzima. Baridi ya huku haina huruma; asubuhi maji ya kunawa huuma vidole. Nimekuwa wa pili katika mtihani wa jiografia, na nimepewa kazi ya kupiga kengele ya chakula, kwa hiyo wasichana wote wananipenda hadi saa sita mchana. Tangu Mama atutoke, habari kama hizi sina mwingine wa kumwandikia ila wewe, basi usichoke kuzisoma. Babu hajambo? Kifua chake kimepoa? Na wewe, yule mzungu wenu mwenye shamba, Bwana Mluzi, bado anawaamsha kwa mluzi wake kukamua hata Jumapili?

Sasa jambo lenyewe. Baba ameniandikia kutoka Nakuru kwamba atagombea kiti cha Waafrika wa Bonde la Ufa katika Baraza la Kutunga Sheria. Anasema machifu na wazee wakubwa wana mtu wao tayari, kwa hivyo yeye atasimama peke yake, bila mtu nyuma yake. Nimeisoma barua hiyo hadi imelainika kama kitambaa. Fikiria, Senge, mwalimu wa shule ya msingi aketi mahali sheria zinapotungwa!

Mwalimu wetu, Miss Pringle, ametufundisha habari za uchaguzi huu. Si kila mtu atapiga kura. Lakini atakayekubaliwa anaweza kupata kura moja, mbili, hata tatu, kulingana na elimu yake, kazi yake, umri wake au mali yake. Babu ana umri. Akitaja na mali yake, atapata kura ya pili.

Wanjugu, msichana wa Kikuyu ambaye kitanda chake kiko karibu na changu, alinisikia nikisimulia, akacheka bila kufurahi. "Baba yako anaomba kura," akasema. "Baba yangu anaomba pasi ya serikali ya kwenda kumzika dada yake."

Tafadhali msomee Babu maneno haya, polepole, kwa lugha yetu:

"Babu, ukienda kuandikishwa usifiche kitu. Najua kwetu mtu hatangazi ng'ombe wake, na wale aliowalaza kwa rafiki hawatajwi kabisa. Lakini huyu afisa hatozi kodi. Anataka kujua wewe ni mtu wa kadiri gani. Ukinyamaza ataandika kwamba huna kitu, na serikali itaamini kwamba wazee wetu wote hawana kitu. Wataje wote, Babu, hata walio kwa rafiki yako Kipkemboi, na kura yako ya pili itamwinua mwanao."

Ni mimi mtoto wako,
Chepkemei

*

Salgaa
21 Oktoba 1956

Chepkemei mwanangu,

Barua yako ilikaa kwa Mhindi wa duka chini ya gunia la chumvi, ndiyo sababu nimechelewa. Sisi huku wazima. Kifua cha Babu ni kile kile. Dawa ya hospitali anaikataa na ugoro anaukubali. Bwana Mluzi amenunua mashine mpya ya kutenga krimu, nami ndiye ninayeiosha, kila kipande, na nikikosea kukirudisha mahali pake napigiwa mluzi kama mbwa wake.

Baba yako alikuja Jumapili baada ya kanisa. Alivaa tai. Alisimama juu ya sanduku karibu na kinu cha mahindi, akaanza: "Mimi ni Micah arap Kemboi. Nimesoma, nimefundisha, nimesafiri…" Wazee wakatazama miguu yao. Unajua mtu akijisifu mwenyewe tunavyoona haya kwa ajili yake. Kisha Kipkemboi akapaza sauti kutoka nyuma: "Micah, shuka hapo! Waache wengine wakuseme!"

Watu wakaangua kicheko, hata baba yako. Basi Kipkemboi mwenyewe akaja mbele na fimbo yake. Akasema, "Huyu nilimfundisha mimi kuchunga. Siku moja alipoteza ndama, na ndama hakuwa wa kwao, alikuwa wangu. Alikataa kula mpaka tulipompata. Mnaniuliza kama anajua Kiingereza? Sijui. Mimi najua alikataa kula." Makofi yaliyopigwa pale, mwanangu, hata mbwa walibweka. Kama kuna siku kaka yangu alikuwa mheshimiwa, ni ile.

Afisa wa kuandikisha alikuja wiki hiyo hiyo, wakamwekea meza katika stoo ya mahindi. Barua yako niliisoma. Babu ameandikishwa. Amepewa kura mbili.

Nyapara ndiye aliyekuwa mkalimani.

Kula vizuri. Usikubali kuonewa kwa ajili ya kengele.

Senge wako,
Jepkosgei

*

Limuru
11 Novemba 1956

Senge mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Babu, na kwa Kipkemboi na mama Kiptanui mkewe. Mimi mzima. Mvua inanyesha kila siku na sare zetu hazikauki.

Sijui nikuandikie vipi furaha yangu. Nilimwonyesha Miss Pringle barua yako, nikamtafsiria aliyoyasema Kipkemboi kuhusu ndama. Akasema hiyo ndiyo hotuba bora ya uchaguzi aliyowahi kuisikia, kisha akapenga makamasi. Nimechora ramani ya Bonde la Ufa na kutia nukta nyekundu kila mahali Baba atakapohutubia. Salgaa nimeitia nukta kubwa.

Mwambie Babu kwamba nampongeza. Alisema nini alipopewa kura mbili? Alicheka? Niandikie kila kitu.

Chepkemei

*

Limuru
16 Desemba 1956

Senge,

Natumaini u mzima. Mimi sijambo, isipokuwa mafua.

Hujajibu barua yangu ya Novemba. Nilidhani ni chumvi ya Mhindi tena. Lakini sasa Baba ameniandikia nisije nyumbani likizo hii. Nibaki shuleni nimsaidie matroni katika zahanati, kwa sababu huko kuna kelele nyingi za uchaguzi. Senge, mimi ningependa kuzisikia hizo kelele. Wasichana wote wameondoka. Hata Wanjugu amepata pasi.

Nilimuuliza Baba habari za Babu, akajibu kwamba kampeni inaendelea vizuri.

Nakuomba unijibu, hata kwa mistari miwili.

Chepkemei

*

Salgaa
6 Januari 1957

Chepkemei,

Heri ya mwaka mpya. Babu yu hai, mimi ni mzima. Nimeanza barua hii mara kadhaa na kila mara nimeifanya ya kuwashia moto.

Unajua masharti ya shamba hili. Kila mfanyakazi ana idadi yake ya ng'ombe, na akizidisha anawauza au anaondoka. Babu alizidisha zamani. Kipkemboi ana wachache, basi wale wa ziada wakalala katika boma la Kipkemboi na kuhesabiwa kuwa wake. Si hila tuliyoibuni kwa ajili ya mzungu; ng'ombe wetu wamelala kwa marafiki tangu kabla mzungu hajafika. Lakini ilitufaa.

Siku ile stooni, Babu alisema yote. Alisimama wima, akataja ng'ombe wake kwa rangi, mmoja mmoja, na alipofika kwa wale wa Kipkemboi akawataja vilevile. Nyapara akatafsiri, na jioni akaenda kumtafsiria Bwana Mluzi.

Tukangoja. Hapakutokea kitu, tukasahau. Kisha mwezi wa kumi na mbili, siku ya josho, ng'ombe wanapoogeshwa dawa, Bwana alikuja mwenyewe. Miaka yote alikuwa akihesabu migongo tu. Siku hiyo alisimama kwenye mlango wa josho akishika masikio. Nyapara alikuwa amemweleza kwamba kila ukoo una mkato wake wa sikio. Kundi la Kipkemboi likapita, na kila sikio lenye mkato wetu lilipopita Bwana alipiga mluzi, na ng'ombe akatolewa kando. Babu alikuwa pale. Kipkemboi alikuwa pale. Hawakutazamana.

Ng'ombe walipelekwa mnadani. Kipkemboi akaambiwa amevunja mkataba kwa kuficha mali ya mtu mwingine, aondoke yeye na watu wake kabla ya mwaka kwisha. Babu hakuguswa. Nilikuwa nikiosha mashine dirishani nikamsikia Bwana mwenyewe akimwambia nyapara, "Huyo mzee mwacheni. Sitaki magazeti yaandike kwamba nimemfukuza baba wa mgombea."

Kwa hiyo sasa watu hapa wanasema Babu alimuuza Kipkemboi ili mwanawe apate kiti. Wanasema wakiwa kwenye foleni ya posho, bila kushusha sauti.

Kipkemboi yuko upande wa Ravine, kwa shemeji yake, katika kibanda kilichokuwa cha mbuzi.

Kama unataka kujua baba yako alifanya nini, muulize yeye.

Jepkosgei

*

Limuru
27 Januari 1957

Senge mpendwa,

Nakusalimu, na Babu nampa pole ambayo sijui kuiandika. Shule imefunguliwa. Niko darasa la juu sasa na nimepewa kiti karibu na dirisha.

Nilimuuliza Baba kama ulivyosema. Amejibu kwa kurasa nne. Anasema kwamba akienda kumwombea Kipkemboi, wapinzani watasema anatumia jina lake kuwasaidia watu wake. Tena Bwana Mluzi na wenzake wanaweza kumfungia mashamba yao yote, asihutubie tena hata shamba moja. Anasema Kipkemboi ni mtu mmoja, lakini akiingia katika Baraza atasimama kuwatetea wafanyakazi wote wa mashamba na ng'ombe wao, na sheria itabadilika kwa wote. Anasema ni lazima mtu avumilie kwa muda.

Nimejaribu kuona kwamba ni sawa. Nikiyaandika maneno yake kwenye karatasi kama hesabu, jibu linatoka sawa. Lakini hakuandika ni nani anayevumilia.

Nina swali moja, na nakuomba unijibu wewe, si Baba. Babu hakuwa mtu wa kutaja ng'ombe wake. Aliwataja kwa maneno ya nani? Ya Baba au yangu?

Chepkemei

*

Salgaa
17 Februari 1957

Mwanangu,

Huku jua ni kali na nyasi zimekuwa kijivu. Mashine ya krimu imeharibika, nasi tumerudia mikono. Nimekutumia soksi kwa mkono wa dereva wa lori la maziwa; kama hazijafika, atakuwa amezivaa.

Baba yako alifanya mkutano Rongai. Nilikwenda, kwa maana ni kaka yangu. Watu hawakuwa wengi. Alizungumza vizuri, hakujisifu tena, amejifunza. Katikati ya maneno nikaona mama Kiptanui amesimama. Alikuwa ametembea kutoka Ravine, amembeba mtoto mgongoni.

"Micah," akamwita, hivyo tu, bila mwalimu wala nini. "Ukiingia huko kwa wazungu utaniletea nini?"

"Sheria, mama," akasema baba yako. "Sheria ya haki."

"Hiyo sheria inaezekwa kwa nyasi au kwa mabati?"

Watu wakacheka hadi wengine wakajishika mbavu. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mwambie, mama! Mwulize na choo iko upande gani!" Baba yako naye akacheka, akiinua mkono ili waendelee kucheka pamoja naye. Lakini mama Kiptanui hakuwa anacheka. Alingoja kelele ziishe, akasema, "Nimekuuliza kwa sababu mvua inakaribia." Kisha akaondoka. Baba yako akatafuta mahali alipokuwa amefikia katika hotuba yake, asipaone.

Baada ya mkutano nilimwambia, "Micah, nenda kwa Bwana Mluzi kesho. Nenda hata kwa DO, yule afisa wa serikali." Akasema, "Jepkosgei, imebaki wiki tatu tu." Nikamwuliza, wiki tatu za nani.

Swali lako nimelisoma. Babu anakusalimu.

Jepkosgei

*

Limuru
3 Machi 1957

Senge,

Soksi zimefika. Asante.

Hukunijibu. Nilimweleza Wanjugu, naye akasema mtu mzima asipojibu swali, amekwisha kulijibu. Lakini mimi nataka uniambie wewe.

Wiki hii ni uchaguzi. Nimemwombea Baba, kisha nikamwombea Kipkemboi, na nilipokuwa nikiomba niliona kwamba sijui tena kama naomba kitu kimoja au viwili vinavyopingana.

Chepkemei

*

Salgaa
24 Machi 1957

Chepkemei mwanangu,

Salamu. Mvua imefika, imekuja na mawe.

Bila shaka umesikia. Baba yako ameshindwa, na ameshindwa vibaya. Hata kwa walimu wenzake hakupata kitu. Aliyepata kiti tumwache na kiti chake, hakutukosea lolote.

Siku ya kura nilimpeleka Babu mwenyewe, nikimshika mkono kwa sababu ya matope. Tulipofika tukamkuta Kipkemboi kwenye foleni. Aliandikishwa hapa, basi ilimbidi apigie hapa. Alitoka Ravine kwa miguu. Foleni ilikuwa imejaa watu wa shamba letu, na wote wakatega masikio.

Babu akamwamkia. Akaitika.

"Watoto?" Babu akauliza.

"Wanakohoa."

"Na mahali ulipo?"

"Ni mahali."

Hapo wakaishia. Walisimama mmoja nyuma ya mwenzake hadi zamu yao, wazee waliotahiriwa pamoja, mwanangu, waliolala kibanda kimoja ujanani. Kipkemboi akaingia, akatoka, akaenda zake. Alimpigia nani hakusema, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Babu aliingia, akakaa sana. Tukiwa njiani kurudi aliniambia kwamba kura moja alimpa Micah kwa sababu ni mtoto wake. Ya pili aliitumbukiza bila alama. Akasema, "Hiyo waliniandikia kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe wako wapi?"

Siku chache baadaye aliwatoa bomani wale aliobaki nao, wale halali kabisa wa idadi yake, akawaswaga hadi Ravine. Nilimfuata kwa kuogopa kifua chake. Kipkemboi alitoka, akawatazama ng'ombe wakija. Babu akamwambia, "Hawa si wa kulaza. Ni wako." Kipkemboi akawafungulia boma, wakaingia, akafunga. Hakushukuru wala hakukataa. Wala hakumwambia Babu aketi. Mama Kiptanui ndiye aliyetuletea maziwa, nasi tukayanywa nje ya boma tukiwa tumesimama, kama watu wanaouliza njia.

Sasa lile uliloniuliza. Baba yako alimwomba Babu awataje ng'ombe, akamwomba tena, na Babu alikataa akamfukuza. Mimi nilipomsomea barua yako, aliniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Tulimpeleka huyu mtoto mbali ili aje atuambie tusiyoyajua. Sasa ametuambia." Asubuhi alivaa koti akaenda stoo.

Nilikuficha kwa kuwa niliogopa utaacha kusoma. Usiache.

Senge wako,
Jepkosgei

*

Limuru
7 Aprili 1957

Senge mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na Babu pia. Mimi ni mzima wa mwili. Tunafunga shule Ijumaa ijayo na nimekuwa wa kwanza katika darasa. Nakuandikia jambo hilo kwa sababu najua utaliuliza.

Asante kwa kunijibu. Niliisoma barua yako nyuma ya jiko la shule, nikaenda kupiga kengele kwa kuwa saa ilikuwa imefika, nikapiga hadi mpishi akatoka kunishika mkono.

Jana imefika barua ya Baba. Nilidhani ataniandikia kuhusu Kipkemboi. Anasema watu wa Nairobi wanazungumza kwamba viti vya Waafrika vitaongezwa, pengine mwaka ujao, naye atasimama tena, peke yake kama mara ya kwanza. Anasema kosa lake lilikuwa kuanza kwa kuchelewa. Ananiomba, kwa vile nina lugha nzuri, nianze sasa kuandika barua za kusomewa wazee wa mashamba, kila shamba barua yake. Kisha ameandika hivi, Senge, nanakili kama ilivyo: "Ile uliyomwandikia Babu ilifanya kazi vizuri sana."

Kwa hiyo alijua. Alijua tangu mwanzo, na siku zote nilizokuuliza wewe yeye alikuwa akijua, na kwake jambo hilo ni la kunisifu.

Nilitaka kumwandikia maneno makali. Nilipoanza niligundua kwamba maneno makali niliyo nayo nimefundishwa na yeye mwenyewe. Basi nimemjibu kwa kifupi: "Baba, nenda Ravine, usimame nje ya boma la Kipkemboi. Akikuambia uketi, niandikie, na mimi nitakuandikia barua zote unazotaka. Kabla ya hapo sitaandika hata moja." Nimeipeleka posta mwenyewe. Sijui kama ataisoma kama barua ya binti au ya mpinzani.

Naamini bado anaweza kwenda. Usinicheke.

Baba anatazamia kunipokea stesheni ya Nakuru. Nitamsalimu, nitakula nyumbani kwake, nitalala, halafu nitakuja kwenu. Nakuomba ruhusa unipeleke Ravine. Babu asije, kifua chake hakiwezi, na yeye amekwisha kwenda. Nataka Kipkemboi asikie kutoka kwangu kwamba yale maneno yalikuwa yangu, na kwamba Babu alimwamini mtoto. Baada ya hapo sijui nitasema nini. Nimejaribu kuandika hotuba, nikaipasua.

Hatatuambia tuketi. Najua. Lakini tutafika jioni, ng'ombe watakuwa wanarudi saa hizo, na atahitaji mtu wa kumfungulia boma.

Ni mimi,
Chepkemei